Nani Alimwandika Babu Yako?

Mtoto wa Korogwe, mkoani Tanga, anayeishi Birmingham anaweza kuketi jioni na simu yake, akajua bibi wa jirani yake Mwingereza alizaliwa mwaka gani, akaolewa wilaya ipi, akafariki lini. Haombi ruhusa kwa mtu. Uingereza na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Julai 1837, na sehemu kubwa ya faharasa za madaftari hayo imo kwenye tovuti ya FreeBMD, ambayo haitozi hata senti. Uskoti ilifuata mwaka 1855, nayo ina tovuti yake. Sasa mtoto huyo aandike jina la bibi yake mwenyewe, aliyezikwa Old Korogwe. Hapati kitu. Akipata, basi ni ukurasa wa mtu mwingine mwenye jina kama hilo, aliyeishi Malawi au Lamu.

Hapo wengi hufunga simu wakisema sisi hatukuandikwa. Tuliandikwa. Tena tuliandikwa na watu wengi: mapadri, makarani wa mashamba ya mkonge, mahakimu, wauguzi, maofisa wa wakimbizi. Kila mmoja alishika kalamu kwa shida yake, akaandika kile tu alichokihitaji, kisha akafunga daftari na kuliweka kabatini kwake. Ndiyo maana anayetafuta mababu wa Korogwe na Handeni asianze kwa kuuliza tovuti gani ni nzuri. Aanze kwa kuuliza nani alikuwa na haja na babu yake.

Serikali, kwa mfano, ilichelewa sana kuwa na haja naye. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920 na kuanza kutumika 1921. Kwa Wazungu ilikuwa lazima. Waasia wakaingizwa baadaye kidogo. Mwafrika aliachwa nje kwa miongo mingi, na ulazima ulipomfikia, baada ya uhuru, ulikuja kwa kupanuliwa wilaya baada ya wilaya. Aliyezaliwa Kwamkono au Kideleko, huko Handeni, mwaka 1938 hakuwa mzembe wa kukosa cheti. Hakuna aliyemdai. Na hata zama zetu hizi mambo hayakuwa mazuri: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto 16 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Utafiti wa 2015 hadi 2016 ulikuta wamefika 26.

Leo kazi hiyo iko mikononi mwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza mwaka 2006 ukirithi shughuli za Kabidhi Wasii Mkuu. Mfumo wake wa mtandaoni, eRITA, unajulikana zaidi na vijana kuliko wazee, kwa sababu kila mwaka wanaoomba mkopo wa elimu ya juu humiminika humo kuhakiki vyeti vyao vya kuzaliwa, na wenye kufiwa huhakiki vyeti vya vifo vya wazazi. Unaweza pia kuomba cheti kupitia humo. Lakini usidanganyike na neno mtandao. Mfumo umejengwa kumhudumia mwenye cheti au anayekidai. Haukujengwa kwa mtu anayetaka kuchungulia ukoo wa karne iliyopita. Taarifa za watu zina ulinzi wa sheria pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kusema kweli sioni ubaya wake. Si kila anayetafuta jina la mama yako anatafuta nasaba.

Mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Magunga miaka ya karibuni ana tangazo la kizazi, na mzazi akifuatilia ndani ya siku 90 mambo ni mepesi. Babu yake, akitaka cheti leo, huandikishwa kwa kuchelewa, na hapo ofisi humtaka alete uthibitisho: cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, kiapo. Yaani serikali nayo, ikikwama, inakimbilia kwa walioandika kabla yake. Tufuate njia hiyo hiyo.

Wa kwanza kuwa na haja na watu wa Old Korogwe kiasi cha kuwaandika mmoja mmoja walikuwa wamisionari. Waanglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walikuwa wameshika Magila, upande wa Muheza, tangu miaka ya 1860, na katika muongo wa 1890 wakawa na kituo Korogwe. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1902, biashara ikavutwa kuelekea stesheni na Manundu, na makazi ya awali karibu na Mto Pangani yakabaki na jina la Old Korogwe, ambalo leo ni jina la kata. Kwa Handeni, misheni ilikwenda Kideleko na Kwamkono. Mji wa Korogwe baadaye ukawa na ofisi za dayosisi, wakati ule ikiitwa Zanzibar na Tanga, kabla Zanzibar na Tanga hazijaachana mwaka 2001.

Daftari la ubatizo ni hazina kuliko cheti cha serikali, na nitasema kwa nini. Cheti kinakupa mtoto, baba, mama, tarehe na mahali. Daftari la misheni kwa kawaida linamwandika mtu mzima aliyebatizwa akiwa na jina lake la nyumbani kando ya jina jipya. Hapo ndipo kamba ya ukoo iliyokatika inaungwa. Familia inamkumbuka bibi kwa jina moja la Kizigua. Makaburini ameandikwa Agnes. Watoto wake shuleni walimtaja kwa jina la mumewe. Mstari mmoja wa padri unayaleta majina hayo kwa mtu mmoja. Kisha wapo wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi ni ndugu au majirani wa karibu, na kijiji alikotoka. Baadhi ya mapadri waliongeza pembeni, kwa wino mwingine, miaka baadaye, kwamba huyu ameoa na wapi, au amefariki. Ukikuta maneno hayo ya pembeni, umepata kizazi, ndoa na kifo katika ukurasa mmoja.

Madaftari haya hayako mtandaoni kwa maana ya kuandika jina na kubonyeza. Barua na kumbukumbu za makao makuu ya UMCA zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, na katalogi yake inasomeka ukiwa popote. Humo utakuta taarifa za vituo, picha, majina ya walimu. Vitabu vya ubatizo na ndoa mara nyingi hubaki kwenye parishi zenyewe, katika kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja, na mtu huyo siku hiyo amekwenda msibani. Ndiyo hali. Anayekwenda na adabu hupata. Salimia, jitambulishe kwa ukoo wako kabla ya shida yako, eleza unamtafuta nani na takribani mwaka gani, uulize kama unaruhusiwa kupiga picha ukurasa huo mmoja, na ukumbuke kwamba katibu hakuajiriwa kutafuta mababu wa watu. Wenye haraka za kimjini huishia kuambiwa vitabu vililiwa na mchwa. Pengine ni kweli.

Ukikuta daftari limenyamaza kati ya 1914 na 1916, usidhani watu waliacha kuzaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, misheni ya Kiingereza ndani ya koloni la Kijerumani iligeuka adui, na watu wake wakatiwa ndani. Padri Samuel Sehoza aliyaandika mateso hayo katika kitabu cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo, kilichotoka 1921. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na kisha Handeni mwezi Juni 1916. Wazee wengi walikadiriwa umri wao kwa tukio hilo: alikuwa anatambaa Waingereza walipoingia, au alikuwa anachunga mbuzi. Mwaka unaotokana na hesabu hiyo ukiuandika kwenye mti wa ukoo, uweke alama kwamba ni wa kukadiria. Miti mingi ya mtandaoni imeharibika kwa sababu mtu mmoja aliandika kadirio bila alama, na wajukuu kumi wakanakili kama hati.

Wakubwa, bila shaka, waliandikwa vizuri. Wakilindi waliotawala Usambara wana kitabu kizima, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwanza na misheni ya Magila. Nasaba yao inaanza na Mbega kutoka Ngulu (au Nguu), nchi ambayo sehemu yake leo ni Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni. Martin Kayamba naye, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, mtoto wa mwalimu wa misheni aliyesoma Uingereza, ana karatasi tele. Alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali Tanga, akaanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mwaka 1922, na habari za maisha yake zikachapwa 1936 katika kitabu cha Margery Perham, Ten Africans. Alihitajiwa na kanisa, na serikali, na wasomi. Waliosoma naye katika shule ya misheni ya Kiungani wakarudi kulima mihogo Mnyuzi hawakuhitajiwa hivyo, na uzao wao ndio unaohangaika leo.

Wapo pia ambao asili yao haiko Korogwe kabisa, ingawa wanazika Old Korogwe kwa kizazi cha nne. Mkonge ndio uliowaleta. Daktari Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893, na mashamba yakaenea Ngombezi, Magunga, Hale na kwingineko hadi wenyeji wasitoshe kwa kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua, na malori na treni zikawaleta Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Wamakonde, watu wa Ruanda-Urundi. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo asili ya jina lao manamba, na kipande cha kazi cha kuhesabu siku 30 alizotumika. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, na sikio la karani wa Tanga kwa jina la Kiha si la kuaminiwa. Wengine walitaja jina la rafiki ili wasifuatwe kwa kodi ya nyumbani. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, baadaye yakauzwa tena, na makaratasi yakapotelea njiani. Kilichobaki kwa familia ni kipande kilichokunjwa ndani ya Kurani au Biblia, chenye namba, jina na pengine wilaya atokako. Hiyo wilaya ndiyo mali. Ukiijua, unaacha kutafuta Korogwe na unahamia, tuseme, Kasulu.

Tuje kwenye majina, maana hapa ndipo tovuti za kigeni zinapowaangusha Waswahili wengi. Zimejengwa kwa familia ambazo jina la mwisho halibadiliki kwa miaka 200. Sisi tuna majina matatu, la kwangu, la baba na la babu, na mwanangu analisukuma la babu nje. Lakini utaratibu huo una faida yake usipoupuuza: jina la tatu la mtoto ni jina la kwanza la babu yake. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umekuta Yohana Hamisi Mbwana katika orodha ya shule ya mwaka 1955. Usitafute ukoo wa Mbwana. Mtafute Hamisi Mbwana aliyezaliwa kati ya 1900 na 1930, ukimpata utapata jina la baba wa Mbwana, na unaendelea kupanda. Upande wa Wazigua, Wabondei na Wasambaa kuna familia zilizoshikilia majina ya ukoo yanayoanza na Se au She, na huko kazi ni rahisi kidogo, ila tafuta kwa tahajia zote mbili. Karani Msambaa na karani Mbondei hawakuandika sawa.

Halafu liko la mama, ambalo karatasi zote zimelikosea. Wazigua na Wanguu kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Mjerumani, Mwingereza, padri na RITA, wote fomu zao zinaanza na baba. Matokeo yake mtu wa Handeni anayefuata karatasi peke yake anajenga mti wenye shina ambalo bibi yake mwenyewe asingelitambua. Ushauri wangu ni kwamba kila ukipata hati, andika jina la mama hata kama limo kwenye kona, kisha muulize mzee wa kike, maana ndiye anayejua nani ni mtu wa mlango upi na nani hakuruhusiwa kuoana na nani. Mwiko wa kuoana ni kumbukumbu ya nasaba inayodumu kuliko wino.

Kwa ndoa, mwaka wa kukumbuka ni 1971. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo iliziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani chini ya utaratibu mmoja wa kusajiliwa. Kabla yake, ndoa ya Old Korogwe ilijulikana kwa daftari la padri kama ni ya kanisani, na kwa mashahidi na mahari kama ni nyingineyo. Hata baada yake, ndoa isiyosajiliwa haikukosa kuwa ndoa, kwa hiyo kukosekana kwa cheti hakumaanishi kwamba bibi yako hakuolewa. Nimeona watu wakinuniana ukoo mzima kwa jambo hilo.

Vifo ndivyo vilivyoandikwa vibaya kuliko yote. Mtu anafia nyumbani, anazikwa kesho yake, nani atakwenda bomani? Cheti cha kifo hutafutwa pale penye mali au mafao. Hapo lakini panazaliwa hati ambayo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko zote kwa mtafuta ukoo, na karibu hakuna anayeizungumzia: muhtasari wa kikao cha ukoo. Anayetaka kusimamia mirathi huenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari huo, ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na humo wametajwa waliohudhuria na uhusiano wao, wajane wote, watoto wote hadi wa nje, shamba liko wapi na linapakana na nani. Hakuna sensa iliyowahi kuuliza hivyo. Tena unaandikwa na wenyewe, wakiangaliana usoni, kila mmoja akilinda haki yake, hivyo uongo hauna pa kupenya kirahisi. Nakala yake inabaki kwenye jalada la mahakama. Nakala nyingine iko chini ya godoro la msimamizi, na huyo pengine ni shangazi yako.

Ndugu wa hewani wa muhtasari huo alikuwa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Aliyekua na redio ya mkulima anayakumbuka: jina la marehemu, alikofia, kisha safu ndefu ya ndugu, fulani wa Mombo, fulani wa Segera, fulani wa bandarini Tanga, kila mmoja na mahali pake. Ulikuwa mti wa ukoo ukisomwa kwa sauti kwa nchi nzima. Yalitamkwa yakapita. Familia nyingine zimetunza karatasi walizoandikia tangazo kabla ya kulipeleka, na karatasi hizo zinafaa kupigwa picha leo, si baada ya Pasaka.

Kupiga picha nako kuna maana yake. FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho la Marekani, ni bure, na mwaka 2021 ilimaliza kuziweka kidijitali filamu zake milioni 2.4 za nyaraka za dunia. Zinazohusu Tanzania ni chache mno. Lakini watu hao waligundua mapema kwamba Afrika karatasi haitoshi, wakawatuma watu kurekodi nasaba midomoni mwa wazee, Ghana ikiwa mojawapo ya nchi hizo. Sisi tunalo la kwetu linalofanya kazi hiyo bila kujua: grupu la ukoo la WhatsApp. Limeanzishwa kwa ajili ya michango ya harusi, na humo anapita babu akirekebisha kwa sauti ya dakika nne kwamba fulani si mtoto wa fulani bali wa dada yake aliyekufa Hale. Kesho yake simu imejaa, mtu anafuta. Sauti hiyo ilikuwa hati.

Wanaoweza kutufunza thamani ya sauti wako Chogo, Handeni. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliishia utumwani Somalia. Waliotoroka, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, walijikita kando ya Mto Juba, na kwa zaidi ya miaka 150 wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi walisafiri kuja kusini wakitafuta nchi ambayo hawakuwa na hata karatasi moja ya kuidai. Walikuwa na lugha, na masimulizi ya wapi walitoka. Handeni iliwapokea, kwanza kambi ya Mkuyu, halafu makazi ya Chogo, na serikali ya Tanzania ikaanza kuwapa uraia.

Wenzao wengine, maelfu, walichukuliwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Huko nako palikuwa na mwenye kalamu na haja yake: fomu ya mkimbizi inataka tarehe ya kuzaliwa, na asiyeijua yake huandikiwa 1 Januari. Miaka 100 ijayo kijana wa Ohio ataandika jina la bibi wa bibi yake mtandaoni, na atalipata upesi, pamoja na tarehe, kama yule jirani Mwingereza wa Birmingham. Atamkuta yeye, mumewe, kaka zake na nusu ya majirani zao wa Juba, wote wamezaliwa siku ya Mwaka Mpya.